GARI LINUNULIWE PALE LITAKAPOLALA

*TAHARIRI YA TAWI*
_Kwa wanachama wote wa tawi, Tunduma. Msomee na jirani asiye na simu janja._



Wiki mbili zilizopita mzee wetu mmoja alifika ofisi ya tawi na karatasi mkononi. Kijana wake yuko Kitwe, Zambia, mwaka wa sita sasa. Alitaka kumpunguzia baba yake adha ya bodaboda. Akanunua Noah iliyotumika huko huko Zambia, akaiendesha hadi Nakonde, akavuka nayo kwa kibali cha muda, akamkabidhi mzee funguo na kurudi kazini kwa basi. Kibali kikaisha. Mzee akaendelea kwenda nayo shambani na kanisani, namba za Zambia zikiwa mbele na nyuma. Siku gari lilipozuiwa, hesabu ya kodi aliyoletewa ilikaribia bei ya gari lenyewe.

Mzee hakuja kuomba ushauri. Alikuja kuomba tawi lipige simu kwa wakubwa ili gari liachiwe.

Hatukupiga simu hiyo. Kamati ya tawi imeona ni haki wanachama wote mwelezwe sababu. Ni haki pia kueleza lile tulilopaswa kulisema mapema, maana mzee huyu si wa kwanza. Karibu kila nyumba hapa ina mtu ng'ambo: Lusaka, Copperbelt, Lubumbashi, Johannesburg, wachache Uingereza na Marekani. Na karibu kila aliye ng'ambo hujiuliza swali lile lile: gari ninunue huku niliko, au niagize?

*Msimamo wa tawi ni huu: amua kwanza gari litalala wapi, kisha linunue na ulilipie kodi hapo hapo litakapolala.* Mengine yote yanafuata hilo.

*Gari lilelile, kodi mara mbili*

Ndugu wanachama, simameni barabara kuu asubuhi yoyote mtazame magari ya IT yanavyopita. Yameshuka bandari ya Dar es Salaam yakitokea Japani, yameendeshwa zaidi ya kilomita 900, na yanavuka kwenda Zambia na Congo. Mengi ya magari yanayouzwa Lusaka na Kitwe yalipita mbele ya macho yetu.

Sasa fikirini safari ya ile Noah. Ilishuka Dar, ikapita Tunduma, ikalipiwa ushuru wa Zambia, ikasajiliwa Zambia. Kijana aliponunua, ushuru ule ulikuwa tayari ndani ya bei. Kisha ikarudi Tunduma, na hapa inadaiwa kodi ya Tanzania kuanzia mwanzo. Zambia haimo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, kwa hiyo kodi iliyolipwa kule haipunguzi hata shilingi moja huku. Familia imelipia gari moja kodi za nchi mbili, ikaongeza mafuta ya safari ya kwenda na kurudi.

Wapo wanaosema, "Lakini Zambia na sisi wote ni SADC." Kweli. Ila nafuu ya SADC inafuata mahali bidhaa ilipotengenezwa, na inahitaji cheti cha uasili. Gari la Japani likikaa Lusaka miaka mitano linabaki kuwa la Japani.

Kama kijana yule angeagiza gari moja kwa moja kutoka Japani hadi Dar kwa jina la baba yake, lingelipiwa mara moja, likasajiliwa na kupewa namba zetu, na mzee angeendesha bila kuogopa mtu. Pesa ingetoka Kitwe ile ile. Gari halikuwa na sababu ya kwenda Kitwe.

*Hesabu ilivyo*

Wengi wanaangalia bei ya kununulia tu. Tuchukue mfano wa gari dogo la abiria la cc 1,500 ambalo thamani yake ya forodha, yaani gari pamoja na bima na usafirishaji, ni shilingi milioni 10. Kwa viwango ambavyo vimekuwa vikitumika:

▪️ Ushuru wa forodha asilimia 25: 2,500,000
▪️ Ushuru wa bidhaa asilimia 5 (injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000): 625,000
▪️ Ushuru wa uchakavu asilimia 30 kama gari limezidi miaka 10: 3,750,000
▪️ VAT asilimia 18 juu ya jumla ya yote hayo: 3,037,500

Jumla ni shilingi 9,912,500. Hapo bado tozo ya reli, ada ya forodha, usajili na malipo ya wakala.

Gari hilo hilo, kwa thamani hiyo hiyo, likiwa na umri chini ya miaka 8, halina ushuru wa uchakavu, na kodi hizo zinashuka hadi 5,487,500. Likiwa kati ya miaka 8 na 10, ushuru wa uchakavu ni asilimia 15. Kwa hiyo gari kuukuu "la bei poa" laweza kumaliza akiba kuliko lile lililoonekana ghali. Injini ikizidi cc 2,000, ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 10.

Jambo la pili ni kwamba thamani haitokani na ile risiti uliyoandikiwa na muuzaji. TRA ina mfumo wake wa kuthaminisha magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kipo wazi kwenye tovuti yao. Unaingiza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, unapata makadirio kabla hujatoa pesa. Viwango hubadilika kwa bajeti ya kila mwaka, vipya vikianza Julai mosi. Usitumie hesabu ya shemeji yako ya mwaka juzi.

*Unayeishi kule ununue kule*

Tusieleweke kwamba tunawakataza wanaoishi ng'ambo kununua magari huko. Kama unafanya kazi Chingola, unapanga nyumba Chingola na watoto wanasoma Chingola, nunua gari Zambia, lisajili Zambia, lipe kodi ya Zambia. Litakuhudumia huko, fundi wa huko atalijua, na siku ya kuondoka utaliuza huko. Kulihangaikia gari lenye namba za Tanzania katika nchi ya watu ni taabu ile ile ya mzee wetu, ikiwa upande wa pili wa mpaka.

Na kama unarudi nyumbani moja kwa moja, sheria imekufikiria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mtu anayehamisha makazi nafuu ya ushuru wa forodha kwa *gari moja*. Awe ametimiza miaka 18, na gari awe amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje ya Jumuiya kwa angalau miezi 12. Mabasi ya abiria zaidi ya 13 hayamo, wala magari ya mizigo ya zaidi ya tani mbili. Mali iingie ndani ya siku 90 tangu ufike, isipokuwa Kamishna akuongezee muda.

Someni vizuri maneno hayo. Ni nafuu ya anayehamia. Haimhusu anayelala Tunduma na kufungua duka Nakonde kila asubuhi. Haimhusu aliyenunua gari mwezi uliopita, wala si ya kumkopesha binamu jina. Na gari lililopata nafuu ukiliuza au kumpa mtu asiyestahili, kodi inaweza kudaiwa. Mwenye nia ya kurudi aanze mapema kutunza karatasi: kadi ya gari yenye jina lake, bima, mkataba wa kazi, hati ya kusafiria yenye mihuri. Kabla ya kufunga mizigo aulize kwa maandishi nafuu hiyo inagusa kodi zipi na ipi atailipa.

Ndugu zetu walioko Marekani wakumbuke pia kwamba usukani wa kule uko kushoto. Kulipita lori kwenye mteremko wa Senjele ukiwa upande usioona mbele ni hatari kwako na kwa abiria wako. Uingereza usukani uko kulia kama kwetu, lakini gharama ya meli ipigiwe hesabu kabla ya hisia.

*Au ununue hapa nchini*

Lipo chaguo la tatu ambalo watu hulidharau: kumtumia mzazi pesa anunue gari ambalo tayari lina namba zetu, iwe yadi ya Mbeya au Dar, au mkononi mwa mtu. Bei utakayoambiwa ina kodi ndani, kwa hiyo itaonekana kubwa kuliko ya Japani. Lakini unaliona, fundi wako analisikiliza, na unaondoka nalo siku hiyo. IST, Noah na Probox hata fundi wa chini ya mwembe anazijua, na vipuri vyake havikosekani.

Hatari ya njia hii iko kwenye karatasi. Kabla ya kulipa, hakikisheni jina kwenye kadi ni la anayeuza, namba ya chasisi kwenye kadi ni ile iliyogongwa kwenye gari, na hakuna deni la faini za barabarani. Andikeni mkataba mbele ya wakili, kisha mhamishe umiliki TRA mara moja. Gari lenye kadi ya mtu mwingine ni lako mpaka siku ya ugomvi.

Na likija kundi la vijana na gari la IT wakisema "limebaki, tunalitoa kwa bei ya kutupa", kimbieni. Gari hilo liko chini ya dhamana ya forodha hadi livuke. Likichepushwa likabaki Tunduma, linaweza kutaifishwa, na wewe uliyetoa pesa hutakuwa na wa kumdai.

*Kwa nini hatukupiga simu*

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tunampenda, na amekijenga chama hiki kabla wengi wetu hatujapewa kadi. Lakini kadi ya chama si kibali cha forodha. Siku tawi likipiga simu gari la mwanachama liachiwe, tumemwambia mama anayeuza nyanya sokoni, aliyelipa kila senti yake, kwamba kosa lake ni kutokuwa na mtu wa kumpigia simu. Tunadai zahanati na barabara kwenye kila mkutano. Hatuwezi kuzidai mchana na usiku tukaomba kodi inayozijenga isamehewe kwa simu.

Upo upande mwingine wa ukweli, nao tuuseme bila woga. Mzee huyu hakuwa mhalifu. Mpaka huu umepita katikati ya koo. Wanyamwanga wako huku na huko. Harusi ya Nakonde ina wajomba wa Tunduma. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe Oktoba 2019, watu na malori wanavuka kwa urahisi zaidi, na mwananchi anaona kama gari nalo ni la kuvuka tu. Anayemwelekeza mara nyingi ni kishoka, anayemwambia "hiyo ndogo, mzee, niachie mimi". Hakuna aliyemwambia mzee kwa lugha rahisi kwamba kibali kile kilikuwa cha mwanawe na cha siku zinazohesabika.

Kwa hiyo tawi limeazimia mambo manne:

1️⃣ Kumpa mzee wetu msaada halali. Kijana mmoja wa tawi anayejua taratibu atafuatana naye TRA kuuliza njia zote zilizo wazi kwake: kulipa kodi, kuomba muda wa kulipa, au kulirudisha gari Zambia likauzwe.

2️⃣ Kila Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi ya tawi itakuwa na simu yenye kikokotoo cha TRA. Mwanachama mwenye ndugu anayetaka kununua gari aje tupige hesabu pamoja. Hakuna malipo.

3️⃣ Kupeleka ombi kupitia vikao vyetu vya kata kwamba mabango ya Kiswahili chepesi yawekwe mpakani, yakieleza kibali cha muda ni cha nani, kinaisha lini, na nani haruhusiwi kuendesha gari hilo.

4️⃣ Kiongozi wa tawi atakayepokea pesa au ahadi ili "kusaidia" gari lipite atajieleza mbele ya kikao.

Ndugu wanachama, watoto wetu walioko nje wanatukumbuka, nalo ni jambo la kushukuru. Ila leo usiku ukizungumza na mwanao aliyeko Kitwe au Johannesburg, mwulize swali moja kabla hajatoa pesa: "Gari hili, mwanangu, litalala wapi?" Akijibu Tunduma, mwambie asilipitishe Lusaka.



_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Tunduma, Mkoa wa Songwe._