Zero kumi na moja

Siku ya kwanza mtoto mmoja wa darasa la sita aliniletea noti aliyoikuta katika sanduku la nkambo yake: zairi 5.000.000, ile ya mwisho wa wakati wa Mobutu. «Mwalimu, nkambo alikuwa tajiri!» Darasa zima likashangilia. Nikafuta ubao, tukahesabu.

Mwaka 1993 ilitoka zairi mpya. Moja ilichukua nafasi ya zairi za zamani 3.000.000. Mwaka 1998 ikaja franka. Moja kwa zairi mpya 100.000. Basi kujua franka moja ni zairi ngapi za zamani, tunazidisha 3.000.000 kwa 100.000. Msiogope. Tatu mara moja ni tatu, kisha zero sita na zero tano ni zero kumi na moja: 300.000.000.000.

Miliari mia tatu. (Wanaosikiliza redio za Tanzania, ng'ambo ya ziwa, husikia «bilioni». Bilioni yao ndiyo miliari yetu. Bilioni tuliyosoma kwa Kifaransa ni miliari elfu moja. Mwenye kufanya biashara na upande ule aangalie zero, asiangalie jina.)

Tukagawanya namba ile kwa 5.000.000. Ikatoka 60.000 kamili. Noti elfu sitini kama ile ya nkambo ndizo franka moja. Darasa likanyamaza, mtoto akaikunja noti yake polepole. Mimi nilimkumbuka mama yangu, aliyeweka feza za mabati ndani ya mkebe. Nyumba yake ilibaki ya majani.

Namba ile imejengwa na 3 mara moja, 2 mara kumi na moja na 5 mara kumi na moja, basi. Watu 3, 4, 5, 6, 8 au 12 wanaigawana bila kubaki kitu. Watu 7 hapana: kila mmoja 42.857.142.857, inabaki 1. Watu 9 pia hapana, inabaki 3, na hilo unaliona kwa kujumlisha tarakimu tu.

Nilitumia njia hiyo tulipogawana feza za mawese, sisi tisa, 47.500. Nne na saba na tano ni 16, toa 9, zitabaki 7. Wamama walicheka: nani ana franka saba siku hizi? Lakini kicheko kilikatika, maana kwenye daftari iliandikwa 4.750, na mama aliyetunza sanduku akaanza kutazamwa vibaya. Alilia. Tulihesabu noti moja moja mbele ya wote, zote zilikuwemo. Ni zero moja iliyopotea kwenye kalamu. Na ile njia yangu ya kujumlisha isingeiona, kwa sababu 4.750 nayo inatoa 16. Zero zinahesabiwa kwa kidole, na nukta inawekwa kila tarakimu tatu kuanzia kuume.

Tangu siku ile katibu anaandika kila kiasi kwa maneno pia: elfu makumi ine na saba na mia tano.