Goti jipya halitembei lenyewe: pesa za mazoezi zihesabiwe kabla ya upasuaji

Familia inapochanga pesa ili mama abadilishwe goti, hesabu husimama kwenye mlango wa hospitali. Wanahesabu bei ya goti la chuma na plastiki, kitanda, dawa na safari, kwani wako wakaaji wa Goma na Bukavu wanaovuka mpaka hadi Kigali au Kampala kwa ajili ya upasuaji huo. Siku mama anaporudi na magongo yake, ndugu wanamshukuru Mungu, wanakula, kisha kila mtu anarudi kwake. Mfuko umeisha, na hapo ndipo kazi ngumu inaanza.

Daktari hubadilisha goti kwa saa moja au mbili. Kulikunja na kulinyoosha ni kazi ya mgonjwa mwenyewe, kila siku, kwa wiki nyingi. Kupona kabisa kunaweza kuchukua hata mwaka mzima. Akiogopa uchungu na kukaa tu, makovu ya ndani yanashikana na goti linakauka kama mti. Hata huruma inaweza kumdhuru: ndugu humwekea mto chini ya goti ili apumzike, kumbe mto huo unalizoeza goti kubaki limepinda. Mto huwekwa chini ya kisigino.

Mambo huharibika polepole. Kinezi, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anakuja wiki mbili, kisha pesa ya kumlipa inakosekana. Mama anabaki kitini. Nje kuna mawe ya volkano, na choo ni cha kuchuchumaa. Kufikia wiki ya sita, goti halikunjiki hata kwa kukaa vizuri mezani. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba amelogwa, au kwamba madaktari walikula pesa zake bure. Mwingine analeta mkandaji na mafuta ya moto. Hapo hatari inaongezeka: kama damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu uliovimba, kuukanda kunaweza kusukuma kipande cha damu hiyo hadi kwenye mapafu, na mtu akafa.

Kurudi nyuma baada ya upasuaji si aibu wala laana. Goti lililokakamaa likionwa mapema, daktari anaweza kumlaza mgonjwa usingizi na kulikunja bila kumpasua tena. Lakini njia hiyo hufaa zaidi ndani ya miezi 3 ya kwanza, na anayejificha nyumbani anapoteza nafasi hiyo. Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, nyama ya nyuma ya mguu ikivimba na kuuma, au pumzi ikikata, asingoje kesho. Arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine watasema: pesa ya upasuaji yenyewe imepatikana kwa shida, ya kinezi itatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini safari ya pili ya kwenda kunyoosha goti lililokauka ni ghali kuliko mazoezi. Tena si kila kitu kinahitaji dola. Mjukuu mmoja anaweza kufundishwa na kinezi hospitalini, kabla mgonjwa hajatoka, namna ya kusimamia mazoezi asubuhi na jioni. Seremala wa mtaa anaweza kutoboa kiti cha mbao kiwekwe juu ya tundu la choo.

Hospitali nazo zina deni. Haifai kumpa mama anayesoma Kiswahili karatasi ya Kifaransa au ya Kiingereza na kumwambia aifuate nyumbani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye michoro ya mazoezi, dalili za hatari na namba ya kupigia simu haushindi hospitali yoyote. Serikali pia, katika mpango wake wa afya kwa wote uliozinduliwa mwaka 2023, imetanguliza uzazi, na ni vema. Lakini mtu anayejifunza kutembea upya naye asisahauliwe.

Kwa hiyo familia itakayokaa kesho kupanga mchango iongeze mstari mmoja kwenye daftari: wiki za nyumbani. Kama pesa hazifiki hapo, bora kungoja mwezi mmoja zaidi zikamilike, kuliko kununua goti ambalo halitakunjika.