Kutoka Mombo Hadi Maskati: Pasi Ataishika Nani?

Kama umewahi kusafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Arusha, basi Mombo unaifahamu. Ndipo mahali ambapo barabara ya Soni na Lushoto huiacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima, na ndipo abiria hushuka kununua matunda na kutafuta chakula. Tangu reli ya kutoka Tanga ilipofika hapo mwaka 1905, mji huo umezoea kuwaona watu wanaopita. Si ajabu, kwa hiyo, kwamba binti aliyekulia hapo, na ambaye kila siku huwapakulia wali wasafiri waendao mbali, siku moja hujiuliza: na mimi je, nitakwenda lini?

Siku hizi jibu analoletewa aghalabu ni Maskati. Huja mtu, pengine jamaa wa jirani, akasema kwamba huko Omani kuna kazi ya nyumbani. Mshahara ni mara kadhaa ya ule wa kwa mama ntilie. Nauli ya ndege italipwa na tajiri. Tena lugha si taabu, maana nyumba nyingi za huko zinasema Kiswahili. Hilo la mwisho ni kweli. Jamaa nyingi za Kiomani zilizokaa Unguja na Bara zilihamia huko baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970, zikaenda na Kiswahili chao. Basi binti huaga kazini, mama huuza mbuzi wawili ili apatikane wa kushughulikia karatasi, na kabla ya mwezi kwisha safari imekuwa tayari.

Wazazi huuliza mshahara ni kiasi gani. Huuliza kama tajiri ni mtu wa dini. Swali moja ambalo ni nadra kusikika ni hili: akiichoka kazi hiyo, ataweza kuiacha?

Swali hili si geni hata kidogo katika wilaya ya Korogwe. Ukitoka Mombo, iwe unaelekea Mazinde au unarudi Korogwe mjini, utapita nchi ya mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni: uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakatokea mashamba yaliyohitaji maelfu ya watu, na wenyeji, Wasambaa na Wazigua, wengi wao waliona heri walime mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo watu wakatafutwa mbali. Walikuja Waha wa Kigoma, Wabena, Wangoni, Warundi, Wamakonde wa Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha, ikiitwa SILABU. Watu hao waliitwa manamba, jina lililotokana na neno namba, maana kila mmoja alihesabiwa na kuandikwa.

Hebu fikiri, msomaji: kwa kijana wa Kasulu wa miaka ile, Korogwe ndiyo iliyokuwa Maskati. Naye aliahidiwa kwamba atasafirishwa bure. Naye aliambiwa atarudi na baiskeli, blanketi na mahari. Alipofika alikuta kambi, kazi ya siku iliyohesabiwa kwa mafungu ya majani ya mkonge, na mkataba aliotia dole gumba bila kuusoma. Kibarua wa kipande, yule aliyejiajiri mwenyewe hapa hapa, alikuwa na kadi yake ya siku 30 za kazi. Kadi ikijaa alipokea fedha yake, na akitaka alikwenda zake. Manamba hakuwa na nafasi hiyo. Chini ya sheria za kikoloni, aliyeondoka kabla ya mkataba kwisha alihesabiwa kuwa ametoroka, na aliweza kushitakiwa na kufungwa. Kazi ya watu hawa wawili shambani ilikuwa moja. Mambo yaliyowatenganisha yalikuwa katika karatasi.

Si kwamba manamba wote waliharibikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na wapo waliopata cha kupeleka kwao. Lakini wengi hawakurudi. Walioa huku, wakazeeka huku, na wajukuu wao leo ni watu wa Korogwe kama walivyo wengine.

Sasa tuutazame mkataba wa Omani. Huko, kama ilivyo katika nchi nyingine za Ghuba, mgeni huingia kwa dhamana ya kafili, yaani mwajiri wake. Kibali chake cha kuishi nchini kimefungwa kwa mtu huyo. Akitoka katika nyumba ile bila idhini, kafili anaweza kutoa taarifa kwamba mtumishi ametoroka, na kuanzia hapo binti yule ndiye mwenye kosa mbele ya serikali, hata kama aliyekimbia alikuwa akipigwa. Ni kweli Omani imerekebisha mambo kadhaa: tangu mwaka 2021 wafanyakazi wageni wanaomaliza mikataba wamelegezewa masharti ya kuhamia kwa mwajiri mwingine. Lakini sheria mpya ya kazi ya mwaka 2023 iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Dereva wa kampuni na mpishi wa hoteli wana sheria. Mtumishi aliye jikoni kwa mtu huachiwa kanuni za peke yake.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na katika Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema kwamba pasi zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Wapo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Wapo walionyimwa mishahara, wakapigwa, na wengine wakavunjiwa heshima yao kwa namna ambayo ukurasa huu hauwezi kuisimulia.

Nasema haya bila nia ya kumfungia binti yeyote mlango. Ziko nyumba za Kiomani zenye watu waungwana, na ziko nyumba za bati, karo za shule na mashine za kusaga zilizopatikana kwa jasho la Maskati. Kumwambia kijana abaki Mombo wakati huna cha kumwonyesha hapo Mombo ni maneno matupu. Lakini kazi yake ya wali pale stendi, pamoja na udogo wa mshahara wake, ina jambo moja ambalo hajalihesabu: akitukanwa leo, kesho anavuka barabara na kuajiriwa kwa mama mwingine.

Liko fundo jingine, nalo tunalifunga sisi wenyewe. Binti akipiga simu na kusema mambo ni magumu, huambiwa vumilia mwanangu, mbona mwenzio wa fulani anavumilia? Mjomba ameshaomba ya mbegu, kaka ameshakopa kwa kutegemea mwisho wa mwezi, na mtoto aliyeachwa kwa bibi anadaiwa sare za shule. Kafili ameshika pasi, nasi tumeshika aibu ya kurudi mikono mitupu. Sijui lipi kati ya hayo mawili ni zito zaidi kwa mtu aliye peke yake ugenini.

Kwa hiyo anayekwenda na aende kwa wakala mwenye leseni ya serikali, na mkataba uwe umepitishwa na maafisa wa kazi wa hapa na ubalozi wetu wa huko. Mkataba huo usomwe nyumbani, kwa sauti, mama na baba wakisikia, kwa Kiswahili. Waulize ni nani atakayeishika pasi, siku ya mapumziko ni ipi, na simu atakaa nayo nani. Nakala ya pasi na ya mkataba zibaki Mombo, pamoja na jina na anwani ya tajiri na namba ya simu ya ubalozi. Na fedha za miezi mitatu ya kwanza zisinunue bati wala mbuzi. Ziwekwe kando kuwa nauli ya ndege ya kurudi, zikae kwa jina lake yeye mwenyewe, wala si kwa jina la kaka yake.