Pikapu Mpya: Tuipime kwa Kazi, Tusiipime kwa Sura

Hivi karibuni, hapa Bomani mjini Tarime, pikapu mpya iliegeshwa mbele ya ofisi moja ya umma, na kwa muda wa saa nzima ikawa mkutano wa hadhara usioitishwa na mtu. Vijana wa bodaboda waliisifu sura yake: taa zake, matairi yake mapana, na boneti lililoinuka kama kifua cha fahali. Mzee mmoja aliyetoka sokoni aliuliza bei, akajibiwa, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kisha akaja mama mmoja ambaye kazi yake ni ukunga. Huyu hakuuliza bei wala hakuzitazama taa. Alizunguka hadi nyuma, akapima kwa shubiri sehemu ya kubebea mizigo, halafu akamwuliza dereva: "Mwanangu, mgonjwa akilazwa hapa, atanyoosha miguu?"

Dereva hakuwa na jibu. Swali hilo la mama ndilo lililotufanya tushike kalamu leo.

Hapana shaka kwamba wilaya kama zetu za Tarime na Serengeti haziwezi kufanya kazi bila magari ya aina hii. Mtu anayeijua Muriba, Nyanungu na Gorong'a wakati wa masika, au aliyewahi kukwama katika udongo mweusi wa mbuga upande wa Mugumu, hawezi kusema kwamba gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne ni anasa. Ni chombo cha kazi, kama jembe la ng'ombe lilivyo kwa mkulima. Lakini mkulima anaponunua jembe hatazami rangi yake. Hutazama wembe wake, uzito wake na ardhi yake. Jambo la kujiuliza ni iwapo sisi tuliokabidhiwa fedha za wananchi tunanunua magari kwa akili hiyo ya mkulima.

Suala hili si geni katika nchi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kiongozi asijitenge na watu anaowaongoza, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukamkataza asiwe na majivuno wala dharau. Yule aliyetuongoza katika fikra hizo alizaliwa Butiama, katika mkoa huu huu wa Mara. Zama hizo watu walikwisha kubuni jina la "Wabenzi" kwa wale waliotambulikana kwa magari yao kabla ya kutambulikana kwa kazi zao. Wazee wetu wanakumbuka pia jinsi bei ya mafuta ilivyopanda duniani katika miaka ya 1970, hata ikakatazwa magari ya watu binafsi kutembea Jumapili alasiri. Leo jina la Wabenzi limesahaulika, lakini jina la "shangingi" limeshika nafasi yake. Mwezi Juni 2022, katika hotuba ya bajeti, Bunge lilielezwa mpango wa Serikali wa kupunguza gharama za magari yake, pamoja na wazo la kuwakopesha baadhi ya watumishi ili wawe na magari yao wenyewe. Kwa hiyo anayehoji gari la umma leo haleti uchokozi. Anasema lililokwisha kusemwa mbele ya Taifa.

Sasa na tuipime pikapu kwa mambo matatu: sura, ukubwa na bei.

Kwanza ni sura. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watengenezaji wa magari wanajua kwamba jicho hununua kabla ya akili, nao kila baada ya miaka michache hubadilisha uso wa gari. Land Cruiser ya aina ya 70, ambayo watu wetu huiita "mkonga" kwa lile bomba lake la kuvutia hewa juu, ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na umbo lake la kisanduku limebaki karibu lile lile kwa miaka 40. Mwaka 2023 ilirudishiwa taa za duara kama za zamani, na katika baadhi ya nchi ikapewa injini ya dizeli ya lita 2.8 yenye silinda nne na gia zinazojibadilisha zenyewe. Toyota Hilux, iliyoanza mwaka 1968, ilizinduliwa katika kizazi chake cha tisa nchini Thailand mwezi Novemba 2025, ikiwa na uso mpya na hata aina inayotumia umeme.

Hatusemi kwamba sura haina maana yoyote. Jirani zetu ng'ambo ya Sirari wametufundisha jambo. Nchini Kenya kampuni ya Mobius ilitengeneza gari la porini kwa nia njema kabisa, yaani gari gumu na la bei nafuu kwa barabara za Afrika. Toleo lake la kwanza halikuwa hata na vioo vya madirishani. Wanunuzi wakasitasita, na matoleo yaliyofuata yakaongezewa umaridadi na bei. Mwezi Agosti 2024 kampuni hiyo ilitangaza kufungwa kwa mzigo wa madeni. Maskini naye anapenda kupanda gari lenye heshima, na asiyekubali ukweli huo hajui watu. Hata hivyo, heshima hiyo isivuke mpaka wa usalama. Boneti lililoinuka sana humfichia dereva mtoto anayevuka barabara. Uchunguzi uliotolewa nchini Marekani mwaka 2023 na taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima ulionyesha kwamba magari yenye boneti lililozidi kimo cha sentimita 100 hivi huwaua waenda kwa miguu wanaogongwa kwa kiwango cha asilimia 45 zaidi kuliko magari yenye boneti la chini lililoteremka mbele. Hapa Bomani, ambapo mwanafunzi, mbuzi, mkokoteni na bodaboda hugombea njia moja, kifua hicho cha fahali si pambo la kushangilia.

Pili ni ukubwa, na hapa ndipo swali la mama mkunga lilipo. Pikapu ya kabini mbili ina urefu wa zaidi ya mita 5, lakini sehemu yake ya mizigo ni kama mita 1 na nusu tu, kwa sababu nafasi iliyobaki imechukuliwa na viti vya nyuma. Pikapu ya kabini moja ina urefu unaokaribiana na huo, lakini nyuma yake huwa na mita 2 na zaidi. Maana yake ni rahisi. Katika ile ya kwanza maofisa watano watakaa kwa raha, na mgonjwa atajikunja. Katika ile ya pili maofisa wawili watakaa mbele, na machela italala sawasawa nyuma, au mbolea, au madawati ya shule, au sanduku la chanjo. Zote mbili ni gari. Tofauti yake ni nani aliyefikiriwa wakati wa kuagiza.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara na Rukuba, wana sababu zaidi ya kulitazama jambo la ukubwa. Gari linalotoka Bunda kwenda Ukerewe hupita kivuko cha Kisorya na Rugezi, na kila shubiri ya sitaha inayokaliwa na bati ni shubiri iliyoondolewa kwa watu na mizigo yao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikisafiri kutoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka karibu kabisa na nchi kavu. Kilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 101, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Hatuyataji haya ili kutonesha kidonda. Tunayataja kwa sababu msiba ule ulitufundisha kwamba katika ziwa uzito si hesabu ya karatasini. Ofisa anayeagiza gari kwa ajili ya kisiwa aanze kwa kupima kivuko, kisha ndipo apime gari. Na pale ambapo kisiwa ni kidogo, na njia zake ni za miguu, awe na ujasiri wa kusema kwamba fedha ya pikapu ingefaa zaidi kwa boti imara ya kubebea wagonjwa, yenye injini ya kutegemewa na makoti ya kujiokolea. Mwananchi wa kisiwani hana deni la kufanana na mwananchi wa bara. Ana haki ya kupata kinachomfaa.

Tatu ni bei. Watu wengi huuliza bei siku ya kununua, wakasahau bei ya kila siku. Gari likinunuliwa nje huongezewa ushuru, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Baada ya hapo linaanza kula. Mafuta hupangiwa bei kikomo na EWURA kila mwezi, na sisi wa Mara, kwa kuwa tuko mbali na bandari, huyanunua kwa bei inayozidi ile ya Dar es Salaam. Tuchukue mfano wa magari mawili. La kwanza linakula lita 14 kwa kila kilometa 100, na la pili lita 10. Yote mawili yakitembea kilometa 25,000 kwa mwaka, la kwanza litakula lita 3,500 na la pili lita 2,500. Tofauti ni lita 1,000 kila mwaka. Kwa miaka kumi ni lita 10,000, yaani mafuta ya kilometa 100,000 kwa lile gari la pili. Hizo ni safari ngapi za mjamzito kutoka Nyanungu hadi hospitali ya Tarime?

Lakini tusije tukakimbilia unafuu kwa pupa. Mwezi Novemba 2023 Toyota ilizindua huko Thailand pikapu iitwayo Hilux Champ, ya bei iliyoanzia baht 459,000, kiasi kilicho chini sana kwa gari jipya la aina hiyo. Ni gari lililofikiriwa vizuri kwa mfanyabiashara wa mjini. Lakini linavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Ukilipeleka mbugani mwezi Aprili utalala nalo huko, na ng'ombe watakaolivuta hawana bei kikomo. Rahisi, wahenga walisema, huvunja upishi. Vivyo hivyo injini mpya yenye mitambo mingi ya umeme inaweza kula mafuta kidogo, lakini ikiharibika Mugumu na fundi wake yuko Mwanza, unafuu wote umekwisha. Ile injini ya zamani ya lita 4.2 isiyo na turbo inakula zaidi, lakini mafundi wetu wanaijua.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kabla ya kuagiza gari lolote, ofisi husika iandike kwanza orodha ya safari zake za mwaka: wapi, msimu gani, kubeba nini. Pili, dereva, muuguzi na fundi wa karakana waitwe kutoa maoni yao kabla ya saini, wala wasiletewe gari likiwa limekwisha kufika. Tatu, mbele ya madiwani itajwe bei ya miaka kumi, yenye mafuta, matairi na vipuri ndani yake, wala isitajwe bei ya siku moja tu. Nne, daftari la safari la kila gari la umma liwe wazi kwa kamati ya halmashauri, ili ijulikane kama gari la kazi limekwenda kazini au limekwenda harusini.

Yako maneno tunayoyatarajia. Watasema kwamba ofisa akifika kijijini na gari hafifu, wananchi watamdharau. Sisi makada tunaotembea vijijini tunajua kwamba sivyo. Wananchi humdharau aliyeahidi dawa akaleta vumbi. Tulipokuwa watoto chuoni, maalim alitukanya tusimwage maji ya udhu ovyo hata kama tunatawadha kando ya mto. Tulimwona mkali, kwa kuwa maji yalikuwa mengi. Sasa tunamwelewa: mali ikionekana nyingi, ndipo inapohitaji mlinzi. Na fedha ya umma wala si mto. Ni matone ya muuza dagaa wa Ukerewe, ya mkulima wa kahawa wa Tarime na ya mfugaji wa Serengeti.

Pikapu ile ya Bomani ilikwisha kununuliwa, na ni mali yetu sote; itunzwe na ifanye kazi. Lakini kabla ya kutia saini ya inayofuata, ofisa mhusika na achukue kamba, aende akapime urefu wa mtu aliyelala.