Anayedaiwa Naye Anadai

Maisha yakibana, hakosekani mtu mwenye kipaza sauti wa kuwaasa wananchi waache kukopa ovyo. Watu wanakopa kwa ajili ya sendofu na vitenge, husema, hawasomi mikataba, hawana nidhamu ya fedha. Yamo ya kweli humo. Sherehe zetu siku hizi zinatisha. Lakini tulipokuwa tukipanga makala za toleo hili kuhusu mikopo mkoani Njombe, swali lililotushika ni jingine: huyu anayedaiwa, yeye anamdai nani?

Tuanzie Mchuchuma, kule Ludewa. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilisaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuchimba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mradi ulitajwa kuwa wa dola bilioni 3, pamoja na mtambo wa umeme wa megawati 600. Mwaka 2015 mali za wananchi wa Nkomang'ombe, Mundindi na Amani zikathaminiwa ili waupishe. Fidia ikaja kulipwa 2023. Katikati hapo ni miaka minane ya maswali bungeni na majibu kwamba mazungumzo na mwekezaji yanaendelea. Hatimaye zilitoka zaidi ya shilingi bilioni 15, na aliyelipa apewe haki yake. Ila watu hawakula majibu ya bungeni miaka yote hiyo.

Anayejua kilimo cha kule ataelewa. Eneo likishathaminiwa, unaambiwa usiliendeleze. Mti wa mbao unataka miaka kumi na zaidi. Parachichi la kisasa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu hivi. Nani atapanda kitu cha namna hiyo mahali anapoambiwa atahama wakati wowote? Benki nayo haiitaki ardhi hiyo kwa dhamana. Mtu anabaki na mahindi ya msimu na ahadi. Na ahadi ya fidia ina ubaya wake: mwenye duka anakukopesha kwa kuwa una hela zinakuja, nawe unakopa kwa sababu hiyo hiyo. Januari ikifika na sare za shule, huku shamba linalilia mbolea, utamwambia nani kwamba wewe ni tajiri mtarajiwa? Mwaka 2022, kabla ya ruzuku, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulikuwa umepita laki moja.

Sheria haikulisahau suala la fidia kuchelewa. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita, izae riba kwa kiwango ambacho benki huwapa wenye amana za muda maalumu. Sasa iweke riba hiyo kando ya ile anayotozwa mkulima. Wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mwaka ni asilimia 42, na hapo tunamzungumzia mkopeshaji mwenye leseni anayefuata taratibu. Anachodai mwananchi hakizai hata nusu ya anachodaiwa.

Asiyefuata taratibu utamkuta Makambako jioni, kabla akina mama wa mbogamboga hawajakunja maturubai. Ni kijana mwenye daftari. Anahesabiwa elfu nane, anatia saini kwenye kadi ya mteja, anahamia meza ya pili. Ambaye siku hiyo hajauza huazima kwa jirani, maana kulala na rejesho kuna faini. Huo ndio mkopo ambao watu wenyewe wameubatiza kausha damu. Tufanye hesabu ya mfano: umeandikiwa laki mbili, imekatwa elfu ishirini ya fomu na bima, umeondoka na 180,000. Rejesho ni 8,000 kila siku kwa siku thelathini. Utakuwa umelipa 240,000, yaani 60,000 juu ya ulichoshika mkononi. Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya laki mbili kwa mwezi ni 7,000. Ukishindwa, linabebwa godoro, inabebwa na tivii. Kwa mwalimu hawabebi kitu. Kadi yake ya benki na namba ya siri wanazo wao tangu siku ya kwanza.

Mkulima wa mahindi naye ana habari zake. Msimu wa 2014/2015 wapo wakulima wa Nyanda za Juu Kusini waliouuzia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mahindi yao, kisha wakasubiri malipo kwa miezi. Na kuna wanaouza kabla ya mavuno: jirani zetu wa Mbinga wanaijua biashara ya magoma, ambapo kahawa inauzwa ingali shambani kwa bei ya kutupa. Kwetu kinachouzwa hivyo ni miti michanga. Mwenye shida haambiwi asubiri ikomae.

Halafu kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi hewa viliitafuna, Serikali ikaisimamisha Aprili 2023, ikarejea 2024. Kuisafisha kulikuwa na sababu. Kuifunga kabisa kwa zaidi ya mwaka ilikuwa kumwachia uwanja mtu wa daftari.

Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: somo la nidhamu ya fedha lianzie ofisini, kwa wanaochelewesha malipo. Halmashauri zibandike kwenye mbao za matangazo kile zinachodaiwa na wananchi na wazabuni, tarehe deni lilipoanza, na riba iliyokwisha kulimbikizwa. Mwenye kudai fidia iliyopita miezi sita aidai pamoja na riba yake, kwa maandishi.

Na wewe msomaji, kabla hujasaini popote, omba uoneshwe leseni ya Benki Kuu, kisha uliza riba ni asilimia ngapi kwa mwezi. Akikujibu kwa kukutajia rejesho la siku, mrudishie kalamu yake.