Mtoto anayemaliza wa kwanza naye alikuja kujifunza

Mwalimu wa darasa la tatu anaandika hesabu kumi ubaoni. Kabla hajafika ya kumi, mtoto mmoja wa benchi la nyuma ana majibu yote. Anaambiwa akunje mikono, angoje wenzake. Akichoka kungoja anaanza kuzungumza na jirani, na jioni mzazi anaambiwa mtoto wake ni msumbufu.

Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ya bure imeingiza shuleni watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani. Hilo ni jema, mtu asilirudishe nyuma. Lakini vyumba vya darasa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Huko Goma na Bukavu watoto wanabanana, na mwalimu anafundisha wale wa katikati. Anayechelewa anaachwa. Anayewahi anaachwa pia, ila huyu hakuna anayemhurumia kwa sababu bulletini yake ni nzuri.

Wengine hata hawaonekani. Mtoto aliyeanza kwa Kiswahili, masomo yakigeuka Kifaransa, ananyamaza, na watu wanadhani hajui hesabu.

Hakuna haja ya kungoja shule maalum kutoka Kinshasa. Walimu kadhaa humfanya mtoto wa namna hiyo kuwa msaidizi wao kila siku. Kusaidia wenzake ni vizuri, lakini si kazi yake. Mkuu wa shule amruhusu mwalimu kumpa hesabu za darasa la nne. Kitabu hicho kiko chumba cha pili.