Yoga si ya watalii pekee, nasi Wapwani tuna migongo

Tangu mwaka 2014, Lamu imejulikana kwa tamasha la yoga linalowavuta wageni kutoka mabara mbalimbali hadi Shela. Mgeni hunyoosha viungo ufuoni, naye mkaazi humuuzia chakula, chumba na safari ya mashua. Hiyo ni riziki, si haba. Lakini je, afya nayo ni ya wageni pekee?

Maradhi yanayopunguzwa na yoga ndiyo yanayotusumbua. Hamali anayebeba magunia na kijana anayeshinda juu ya bodaboda wote hulalamikia kiuno. Mwaka 2017, chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu.

Akili nayo hufaidika. Kupumua polepole hutuliza mapigo ya moyo na kupunguza wasiwasi. Hilo si dogo katika nchi ambayo mwaka 2020 jopokazi la serikali lilipendekeza matatizo ya afya ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Wapo wanaohofia dini zao, na hofu hiyo isibezwe, kwani yoga ina mizizi katika dini za India. Hata hivyo, mazoezi ya mwili yanaweza kufanywa bila ibada yoyote. Saudi Arabia yenyewe iliyatambua kama mchezo mwaka 2017. Anayesitasita na amuulize sheikh au mchungaji wake.

Tusidanganyane pia: yoga si badala ya hospitali. Mwenye presha asiache vidonge vyake, na mjamzito au aliyeumia mgongo amwone daktari kwanza.

Serikali za kaunti za Pwani zinaweza kuanza bila bajeti kubwa. Zitenge saa za asubuhi katika viwanja vya umma kama Mama Ngina, Mombasa, zilipe walimu wachache, na ziwawekee kina mama nafasi yao ya faragha. Wahoteli wanaonufaika na yoga nao wafungue angalau darasa moja la bure kwa majirani kila wiki.

Mkeka wa miyaa tunao nyumbani. Kilichokosekana ni mtu wa kutuambia kwamba nasi tumealikwa.